Istilahi za Roboti na Ufundishaji wa Uhandisi: Mtazamo kutoka Kasongo

Kiswahili kilistawi Kasongo katika karne ya 19, zama za misafara ya Tippu Tip, na hadi leo ndicho lugha ya soko na karakana. Hata hivyo, mwanafunzi atokaye huko akasomea uhandisi wa mitambo chuo kikuu hufundishwa kwa Kifaransa. Je, dhana za roboti zaweza kuelezwa kwa Kiswahili?

Tuzitazame roboti za kuongoza magari zilizowekwa Kinshasa mwaka 2013, ambazo ni ubunifu wa mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake. Roboti inayofuata ratiba tu hubadili taa hata njia ikiwa tupu. Huo ni udhibiti usio na mrejesho. Ikiongezewa kihisio, hupima wingi wa magari, huulinganisha na lengo, kisha husahihisha tendo lake. Huo ni udhibiti wenye mrejesho.

Mhunzi naye hutazama rangi ya chuma kabla ya kuongeza mvukuto. Jicho lake ni kihisio, akili ni kidhibiti, mkono ni kitendeshi. Dhana, basi, anayo; kinachokosekana ni istilahi zilizokubaliwa pande zote za Ziwa Tanganyika.

Kwa maoni yetu, mhadhiri aanze na maelezo ya Kiswahili, kisha aambatanishe istilahi ya Kifaransa itakayotumika katika mtihani. Asipofanya hivyo, mwanafunzi atakariri jina la kitu asichokielewa, naye hataweza kukitengeneza kikiharibika.