Tovuti Isomeke Hata kwa Masikio

Asiyeona naye hutumia intaneti. Kompyuta yake ina programu ya kumsomea kwa sauti, kama NVDA ya Australia, ambayo haiuzwi. Lakini kitufe cha picha kisicho na maneno hakisomeki. Atasikia "kitufe", basi. Hapo itambidi amwite mtu amjazie fomu, na namba yake ya siri itajulikana.

Fundi wa tovuti wa Sinza afanye nini? Aipime kazi yake kwa WAVE, chombo cha bure kilichoanza Marekani mwaka 2001. Huonyesha picha zisizo na maelezo na maandishi yaliyofifia. Arekebishe. Kisha afumbe macho asikilize mwenyewe, maana chombo hakioni kila kosa.

Ushirika wenu ukiagiza tovuti, mwambieni fundi aipime kwanza.