Je, Wajua? Kipunji alikuwa na jina kabla ya kuingia vitabuni

Wawindaji wa wilaya ya Rungwe walimjua kipunji, aina ya kima, muda mrefu kabla ya wanasayansi. Walipomtaja, watafiti walidhani ni mnyama wa hadithi tu. Mwaka 2003 wakamwona wenyewe katika msitu wa Mlima Rungwe: manyoya ya kahawia, kishungi kilichosimama utosini, na mlio mzito unaofanana na kubweka.

Mwaka 2005 alitangazwa kuwa spishi mpya, kwa ushahidi wa picha, akawekwa katika kundi la kima waitwao mangabei. Kisha mmoja akafa mtegoni katika shamba la mahindi. Fuvu lake lilifanana na la mangabei, lakini vinasaba vikaonyesha kuwa ndugu zake wa karibu ni nyani. Basi 2006 akafunguliwa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus kipunji. Jenasi mpya ya jamii ya kima hai wa Afrika haikuwa imepatikana tangu 1923! Miongoni mwa waandishi wa utafiti huo walikuwamo Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga.

Sensa iliyotangazwa 2008 ilikadiria vipunji 1,117 tu, wote Tanzania.