Mbwa wa Kondoo Hufunzwa Utulivu Kwanza

Kwetu Pwani mbwa mahali pake ni nje, alinde shamba. Hata hivyo, kumfunza mnyama si jambo geni: Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inawataja wanyama wa kuwindia waliofunzwa.

Uingereza mbwa hufunzwa hata michezo. Mwaka 1978, katika maonyesho ya Crufts mjini London, mbwa walishindanishwa kuruka viunzi, na mchezo huo ukaenea duniani. Hodari wake ni Border Collie, mbwa wa wachunga kondoo wa mpakani mwa England na Scotland.

Mtoto wa mbwa huyu huzaliwa na hamu ya kufukuza kila kiendacho mbio: kondoo, baisikeli, hata watoto wachezao. Basi mwalimu mwema haanzi na kuruka. Humfunza kuitika jina, kurudi aitwapo, na kulala chini akatulia. Dakika chache tu, kwa mchezo na kipande cha nyama. Kiunzi hulazwa chini, akivuke kwa kutembea. Mifupa yake ingali laini, na akirukishwa mapema huenda akapata kilema. Ndiyo maana mashindanoni Uingereza haingii kabla ya kutimiza miezi 18.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Naam, lakini kukunja si kuvunja.