Wengi Wape: Idadi ya Watu na Demokrasia kwa Mtazamo wa Mitunguu

Wahenga walinena: wengi wape. Methali hii inabeba msingi wa demokrasia, yaani uamuzi wa walio wengi. Makala haya yanafafanua jinsi demokrasia inavyoathirika walio wengi wanapobadilika kwa idadi, umri na makazi.

Mitunguu, katika eneo bunge la Imenti Kusini, Kaunti ya Meru, ni mfano mwafaka. Mashamba ya miinuko ya Mlima Kenya yalipogawanywa vipande vidogo miongoni mwa warithi, watu waliteremkia nyanda hizi zenye joto, wakastawisha ndizi kwa maji ya kumwagilia. Chini ya Katiba ya 2010, Mitunguu ni wadi yenye mwakilishi wake katika Bunge la Kaunti.

Kifungu cha 89 cha Katiba hiyo kinaweka maeneo bunge 290, ambayo mipaka yake huzingatia idadi ya watu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 38,610,097, wastani wa 133,138 kwa kila eneo bunge. Kufikia 2019 walikuwa 47,564,296, na wastani ukawa 164,015. Taifa liliongezeka kwa asilimia 23, ilhali Meru iliongezeka kwa asilimia 14 tu, kutoka 1,356,301 hadi 1,545,714. Kwa hiyo maeneo bunge 9 ya Meru, ambayo kwa wastani yaliuzidi ule wa taifa kwa asilimia 13 mwaka 2009, yaliuzidi kwa asilimia 5 tu mwaka 2019. Kaunti ya Embu, yenye maeneo bunge 4, ilikuwa imepungukiwa kwa asilimia 7.

Ndiyo maana baadhi ya wanasiasa wa eneo la Mlima Kenya wamesikika wakihimiza watu wazae zaidi. Wito huo unasahau kwamba uhaba wa ardhi ndio uliowateremsha watu hadi Mitunguu.

Aidha, mwaka 2008 mtaalamu wa demografia Richard Cincotta alidai kuwa demokrasia hukomaa kwa urahisi zaidi uwiano wa vijana unapopungua. Hata hivyo, Kenya ilirejesha mfumo wa vyama vingi Desemba 1991 ikiwa na vijana wengi mno, na mwaka 2024 ni vijana waliomlazimu Rais kuuondoa Mswada wa Fedha.

Kwa kuhitimisha, idadi pekee haitoshi. Muda wa kikatiba wa kupitia upya mipaka ya mwaka 2012 ulikwisha Machi 2024, tume ya uchaguzi ikiwa haina makamishna. Wananchi walihesabiwa 2019, lakini uchaguzi wa 2022 uliwapa viti kwa hesabu ya 2009. Wengi hawapewi kwa kuwa wengi tu. Sharti pawepo taasisi ya kuwapa.