Mwenye VVU Apimwe Saratani Angali Mzima

Ndugu Makatibu na Wanachama,

Katika vyama vyetu vya msingi wamo wanachama waishio na VVU. Kwa msaada wa dawa za kufubaza virusi hivyo, wanalima, wanavuna na kuleta mazao yao ghalani kama wenzao. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini iko hatari moja ambayo dawa hizo huipunguza bila kuimaliza, nayo ni saratani iletwayo na virusi vingine vikaavyo mwilini pamoja na VVU.

Kazi kubwa ya VVU ni kudhoofisha kinga ya mwili. Kinga hiyo ni mfano wa mlinzi wa ghala: akiwa macho, mwizi aliyejificha hupata shida, akisinzia, mwizi huanza kazi. Kirusi kimoja cha jamii ya hepesi, aina ya 8, huleta saratani ya Kaposi, ambayo mara nyingi huonekana kwa mabaka ya zambarau ngozini au kinywani. Kirusi cha homa ya ini aina ya B chaweza kuleta saratani ya ini. Lakini kinachowahusu zaidi wanachama wanawake ni kirusi cha papiloma, kiitwacho kwa kifupi HPV.

HPV huambukizwa kwa kujamiiana, na watu wengi hukipata wakati fulani maishani. Mara nyingi kinga ya mwili hukiondoa. Kinga ikiwa dhaifu, kirusi hubaki na kuharibu mlango wa kizazi polepole. Aina za 16 na 18 husababisha karibu asilimia 70 ya saratani za mahali hapo. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba hatari kwa mwanamke mwenye VVU ni mara 6 ya ile ya asiye navyo. Aidha, ugonjwa ambao kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kukomaa, waweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu ikiwa VVU havijatibiwa.

Sisi wakaguzi hatungoji fedha zipotee ndipo tufungue vitabu. Twakagua ili kasoro ionekane ingali ndogo. Ndivyo ilivyo hapa. Mwanzoni ugonjwa huu hauumi. Mhudumu wa afya hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi na kutazama sehemu igeukayo nyeupe, au huchukua majimaji ili kupima HPV. Dalili za awali zikionekana, mara nyingi huweza kutibiwa kwa kugandishwa au kwa joto, bila mgonjwa kulazwa. Ushauri wa Shirika hilo wa mwaka 2021 ni kwamba mwanamke mwenye VVU aanze kupimwa afikapo miaka 25, na kipimo cha HPV kirudiwe kila baada ya miaka 3 hadi 5.

Basi, wanachama na wazingatie haya:

(a) Dawa za VVU zisikatizwe, kwani ndizo zimwamshazo mlinzi.

(b) Wasichana wapate chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchini Tanzania kote mwaka 2018. Msichana mwenye VVU huhitaji zaidi ya dozi moja. Wazazi waulize kituoni.

(c) Kukutwa na HPV si ushahidi wa uzinzi. Kirusi hiki chaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, na nyumba isivunjwe kwa sababu hiyo.

Nanyi Makatibu, mwalikeni mganga wa kituo cha karibu aeleze mambo haya katika mkutano wa wanachama, na siku ya upimaji itangazwe kwa wanawake wote bila kubagua. Pasiwe na orodha ya wenye VVU ofisini, wala mtu asiulizwe hali yake. Siri hiyo ni yake na mganga wake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu wazibika, ilimradi uonekane mapema.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika