Rangi ya damu ya mzee ndani ya nyumba: wapi inapendeza na wapi utajuta

Ukienda dukani ukasema unataka nyekundu iliyoiva, inayoelekea kwenye kahawia, utazungushwa na makopo kumi. Sema "damu ya mzee" na muuzaji anakuelewa hapohapo. Rangi hii tumeizoea zaidi nje, kwenye mkanda wa chini wa ukuta, kwa sababu mvua ikirusha tope jekundu halionekani. Siku hizi watu wanaiingiza ndani, sebuleni na chumbani. Inapendeza kweli, ila inataka hesabu kabla ya kufungua kopo.

Jambo la kwanza ni mwanga. Ukuta mweupe unarudisha mwanga mwingi chumbani, huu unaumeza. Kama sebule yako ina dirisha moja dogo linalotazama ukuta wa jirani, halafu ukapaka kuta zote nne, jiandae kuwasha taa saa nane mchana. Hizo ni yuniti za umeme zinaondoka kila siku kwa sababu ya rangi tu.

Kwa hiyo sebuleni paka ukuta mmoja, na uchague vizuri ni upi. Usichague wenye dirisha. Mwanga ukiwa unatoka katikati yake, macho yanaumia na ukuta wenyewe unaonekana karibu mweusi. Chagua ule unaotazamana na dirisha, maana ndio unaopokea mwanga na rangi yake inaonekana ilivyo. Ukuta wa nyuma ya tivii nao unafaa sana: kioo cheusi hakikai kama shimo katikati ya ukuta mweupe, na nyaya hazionekani sana. Kuta tatu zilizobaki zipake krimu au nyeupe yenye joto kidogo, na dari liache jeupe.

Kabla ya hapo angalia vitu vilivyomo. Milango ya mninga ina wekundu wake wa asili, na makochi mengi mitaani ni kahawia au hiyohiyo damu ya mzee. Ukiweka vyote karibu na ukuta huu, vinamezana, hakuna kinachoonekana. Mwenye makochi hayo abadilishe angalau vitambaa na mapazia viwe vya rangi ya maziwa au mchanga, au aache kabisa huo ukuta. Kochi ni ghali kuliko rangi, kwa hiyo rangi ndiyo ifuate kochi.

Taa nazo zinabadilisha mambo. Chini ya taa nyeupe inayoelekea bluu, damu ya mzee inapooza na kuonekana kama zambarau chafu. Weka balbu ya mwanga wa njano, ile iliyoandikwa 2700K au 3000K kwenye boksi, ukuta unachangamka.

Chumbani ndipo mahali pake hasa. Mchana hakuna anayekaa humo sana, na usiku giza kidogo halidhuru. Paka ukuta wa kichwani mwa kitanda. Ila usipake rangi isiyong'aa kabisa, kwa sababu mafuta ya nywele na mikono yataacha alama zinazong'aa, na ukisugua unazidisha. Chukua ya maji yenye mng'ao mdogo, mafundi wanaiita silki, inafutika kwa kitambaa chenye maji.

Korido inafaa kwa mkanda wa chini tu, kama mita moja kutoka sakafuni, hasa penye watoto. Bafuni achana nayo. Maji ya kisima yenye chumvi na povu la sabuni vinaacha madoa meupe ambayo kwenye ukuta mweupe usingeyaona. Jikoni ni vilevile kwa unga na mafuta.

Sasa pesa. Rangi nzito namna hii huchanganywa kutoka kwenye rangi ya msingi yenye weupe kidogo sana, na weupe huo ndio unaofunika ukuta. Ndiyo maana ukiipiga juu ya nyeupe mara mbili bado unaona michirizi ya rola. Dawa yake ni kupiga kwanza praima ya kijivu, kisha rangi yenyewe mara mbili, wakati mwingine tatu. Fundi akikwambia kijivu hakina kazi, mwambie utalipia kopo moja la praima badala ya makopo mawili ya rangi.

Chukua ukuta wa mita 3.5 kwa 2.8. Ni kama mita za mraba 10. Lita moja kwa kawaida inafunika karibu mita 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono mitatu ni lita tatu. Kopo la lita 4 linatosha na linabaki la kurekebishia. Kama una kuta mbili, nunua yote siku moja, maana ikichanganywa upya wiki ijayo inaweza kutofautiana kidogo.

Plasta mpya iache ikauke kama wiki nne. Ukuta wenye unyevu utatoa chumvi nyeupe, na juu ya rangi hii itaonekana kama umemwagiwa unga.

Kwa mpangaji kuna jingine: muulize mwenye nyumba kwanza, ikiwezekana kwa meseji ubaki na ushahidi. Kuirudisha nyeupe kunahitaji praima na mikono kadhaa, na gharama hiyo kwa kawaida inakatwa kwenye amana yako.

Bado una wasiwasi? Nunua kopo dogo, paka kipande kikubwa cha kadibodi mara mbili, kiegemeze ukutani na ukiangalie asubuhi, saa saba mchana, na usiku taa ikiwaka. Subiri kikauke kabisa, kwa sababu rangi ya maji mara nyingi inazidi kuiva ikishakauka.