Uchumi wa Maendeleo: Ni Somo Gani Hili?

Katika vitabu vya vyama vya msingi, fungu la elimu huzua maswali mengi kuliko hata fungu la posho. Mwanachama akisikia kwamba fedha yake imemdhamini kijana asomee uuguzi au uhasibu, hanung'uniki. Bali akiambiwa kijana anasomea uchumi wa maendeleo, huuliza: Je, maendeleo nayo husomewa chuoni? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Uchumi wa maendeleo ni tawi la elimu ya uchumi linalochunguza sababu za umaskini wa mataifa, na njia ambazo taifa maskini laweza kuzifuata ili lijikwamue. Tawi hili ni changa. Lilipata nguvu baada ya Vita Vikuu vya Pili, wakati makoloni yalipokuwa yakidai kujitawala. Mmoja wa waasisi wake, W. Arthur Lewis, alizaliwa mwaka 1915 katika kisiwa cha Saint Lucia. Makala aliyoiandika mwaka 1954, alipokuwa akifundisha Manchester, Uingereza, ingali inasomwa vyuoni hadi leo, na mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Tulitazame fundisho lake moja, kwani lagusa mizani ya kila chama. Kwa nini jasho la mkulima wa kahawa hununuliwa kwa bei duni kuliko jasho la mfanyakazi wa kiwanda cha Ulaya? Wengi wetu hujibu upesi kwamba ni unyonyaji wa wanunuzi. Lewis alikwenda mbali zaidi. Alisema mkulima wa nchi za joto hukubali malipo madogo kwa sababu njia yake nyingine ya kuishi ni kulima chakula, na shamba lake la chakula humpa mavuno haba. Mfanyakazi wa Ulaya, kwa upande wake, ametoka katika nchi ambayo mkulima mmoja huvuna nafaka nyingi, hivyo hawezi kuvutwa kiwandani kwa ujira mdogo. Matokeo yake ni mazito. Wakulima wa nchi zote za joto wakiongeza kahawa peke yake, kahawa hujaa sokoni, bei hushuka, na faida humwendea mnywaji. Lakini mavuno ya mahindi na ndizi yakiongezeka, mkulima hupata nguvu ya kukataa bei duni. Kwa maoni yangu, fundisho hili lilistahili kusomwa katika kila mkutano mkuu ambako bwana shamba huulizwa habari za kahawa tu.

Wapo waliotoa jibu jingine. Mwaka 1950 Raúl Prebisch wa Argentina na Hans Singer, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba kadiri miaka inavyopita bei ya mazao ghafi huelekea kushuka ikilinganishwa na bei ya bidhaa za viwandani. Mawazo ya namna hiyo yalizipa nguvu juhudi za kuyadhibiti masoko kwa mikataba. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa mwaka 1962 uliipangia kila nchi kiasi cha kuuza nje. Viwango hivyo viliposimamishwa Julai 1989, bei ya dunia ilianguka kwa karibu nusu katika muda mfupi. Wazee wa vyama vya kahawa hawahitaji kusimuliwa msimu ule.

Siku hizi somo limeteremka hadi shambani. Magharibi ya Kenya, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walichunguza kwa nini wakulima hawatumii mbolea ingawa inalipa. Baadhi ya wakulima walipewa nafasi ya kuilipia mbolea mara baada ya mavuno, fedha ingali mkononi, kisha wakaletewa bila gharama ya usafiri. Hao waliitumia zaidi kuliko wale ambao hawakupewa nafasi hiyo. Chama kinachokata fedha ya pembejeo katika malipo ya mazao kitaona kwamba desturi yake sasa imepimwa kitaalamu.

Kuhusu udhamini, yafaa kamati iangalie kwanza alama za hesabu. Somo hili katika ngazi ya chuo kikuu limejaa hesabu na takwimu, na anayezikimbia huishia kujificha nyuma ya maneno makubwa. Tena asitarajiwe kurudi kuwa karani. Chama kinachotafuta mtunza vitabu kimpeleke kijana wake Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza kama Chuo cha Ushirika mwaka 1963, akasomee uhasibu.

Mwanafunzi wa shahada mara nyingi hutakiwa kuandika ripoti ya utafiti. Chama kinachomdhamini kimwombe autafiti mkasa wa chama chenyewe: kwa mfano, kwa nini wanachama huuza mazao yao kwa walanguzi yangali shambani, na ni mkopo wa kiasi gani ungewazuia. Makubaliano hayo yafanywe kabla ya malipo ya kwanza, na yaandikwe katika kumbukumbu za kikao, maana mkaguzi atakapofika ataziulizia.